Mbuzi wa Shangazi Alivyovuka Daraja

Ndugu zangu, siku hizi nikisikia mtu akisema Kiingereza barabarani, hasa upande ule wa Mulongwe, huwa najifanya natafuta kitu mkobani mpaka apite. Si dharau. Kiingereza ndiyo kazi yangu na ndicho kinachonilisha, lakini kuna siku kilinitembeza nusu ya mji wa Uvira nikiwa na ndala moja mguuni, nyuma ya mbuzi, mbele ya wakwe, na aibu yake bado sijaimaliza. Nimeamua kuisimulia mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa Mama Riziki, yule muuza ndagala, ataongeza na ng'ombe.

Asubuhi nafundisha sekondari, na alasiri nafundisha watu wazima nyumbani kwangu, uani, chini ya turubai, ubao nimeuegemeza kwenye ukuta wa jiko (siku mume wangu akitaka chai mapema, sentensi zangu huanza kupata moshi). Wanafunzi wangu ni watu wenye haja zao. Mama Riziki anataka kuuzia samaki wageni wa mashirika bila kupitia kwa dalali. Papa Byamungu, muuguzi aliyestaafu, ana wajukuu Amerika ambao wakipiga simu wanaongea Kiingereza kitupu, naye anashika simu anacheka tu, akirudisha simu macho yamelowa. Na wengine kama hao. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka sheria moja kali: nikishaandika kichwa cha somo ubaoni, hakuna Kiswahili, hakuna Kifaransa, hakuna Kifuliiru, ni Kiingereza tu mpaka nifute ubao. Niliipenda sana sheria ile, nikaisifu hata kanisani. Ikumbukeni, maana itarudi.

Sasa habari ya mbuzi. Marehemu kaka yangu aliniachia binti, Mapendo, nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kijana mmoja aitwaye Dieudonné alikuwa anataka kumwoa. Dieudonné nilimfundisha mimi mwenyewe darasani, kijana mzuri, mtulivu, Kiingereza chake hakina kasoro, na hilo nalo likumbukeni. Katika ukoo wetu, kabla ya siku ya mahari yenyewe, watu wa mwanamume huleta mbuzi kwa shangazi wa binti. Mbuzi huyo haliwi, anauliza. Shangazi akikubali, anamfunga kwa mkono wake uani kwake, na mbuzi anakaa hapo mpaka harusi ipite. Akikataa, hasemi neno, kwa sababu kusema ni kutukana, anamfungua tu na kumwachilia, na kwa vile mbuzi anajua kwao, anarudi na kamba shingoni. Wakimwona mlangoni wamejibiwa. Hakuna anayeuliza sababu, na shangazi mwenyewe haruhusiwi kukanyaga kwao mpaka watu wameoana.

Aliyenikabidhi kamba alikuwa Papa Lushombo, baba mkubwa wa Dieudonné, mtu mrefu anayetembea mikono nyuma na kuongea kama anayepima kila neno kwenye mizani. Na hapa kuna jambo ambalo mtaa wote unalijua na wote tunajifanya hatulijui. Zamani, nikiwa msichana, Papa Lushombo huyu huyu alileta mbuzi kwa shangazi yangu mimi. Na mbuzi akarudi. Mimi sikuulizwa, sikuambiwa, nililia kidogo nyuma ya nyumba, nikaacha, baadaye nikaolewa na Papa Furaha, fundi wa nyavu pale Kalundu, tukazaa, na sina lawama kwa Mungu. Lakini siku aliponipa ile kamba, Papa Lushombo aliniangalia, akasema taratibu:

"Mama Furaha, hii iko ya pili."

Nikamfunga mbuzi kwenye nguzo ya turubai huku wote wanaangalia, wakapiga makofi, Mapendo akaniinamia kifuani akalia kwa furaha. Walipoondoka, mume wangu (mtu ambaye maisha yake yote ni mafundo) akaja, akaligusa fundo langu kwa kidole kimoja.

"Hii fundo iko ya mwalimu," alisema.

"Desturi inataka mukono yangu."

"Bon," akasema, akarudi kwenye nyavu zake.

Kesho yake alasiri tulikuwa na somo, na somo lenyewe ni lile ambalo kila mwaka linanichosha: kitu kinachotendwa siku zote, na kitu ambacho kimeshatendwa na matokeo yake mnayaona sasa hivi. Niliandika ubaoni, kwa maandishi yangu mazuri: The goat is tied every evening. Chini yake: The goat has been tied. Niliandika mbuzi kwa sababu alikuwa mbele yangu anatafuna pindo la turubai. Kama angekuwa kuku, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Papa Byamungu akanyoosha kidole, akaomba ruhusa ya kuvunja sheria. Nikampa.

"Mwalimu, juu ya nini hawa Waingereza wanajitesa hivi? Na Kifaransa unasema *est attachée*, inatosha kwa yote mbili, mbuzi imefungwa, mambo kwisha."

"Papa, ya kwanza ni mbuzi *inafungwaka*. Kila siku. Ya pili ni mbuzi *imefungwa*. Angalia, iko pale, haiendi."

"Mais minye naona mbuzi moja, kamba moja."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ningeweza kuchora. Ningeweza kufunga na kufungua mlango wa jiko, kama wanavyofanya walimu wenye akili. Lakini nilikuwa nimewahi kusikia kwenye semina kwamba mtu mzima haelewi mpaka aone kwa macho, na mimi kitu kikitoka kwenye semina nakiheshimu. Nikafikiri: nitamfungua huyu mbuzi kidogo tu, nishike kamba, waone hali ya kwanza, waone hali ya pili, nimrudishe. Nani ataona? Tuko uani kwangu.

Nikafungua fundo (lilifunguka upesi mno, nikamkumbuka mume wangu, nikampuuza). Nikaandika sentensi ya tatu: The goat has been untied. Sasa mkono mmoja ulikuwa na chaki, wa pili ulitakiwa kuonyesha ubao, kwa hiyo kamba nikaiweka chini na kuikanyaga kwa ndala. Nikasema kwa Kiingereza: wote pamoja, kwa sauti, kutoka tumboni.

Watu wazima wakiambiwa waseme kutoka tumboni wanatii. Turubai lilitikisika. Na mbuzi, ambaye alikuwa hajawahi kuelezwa habari zake kwa sauti ile, aliruka mara moja, kamba ikachomoka chini ya mguu wangu pamoja na ndala, mimi nikakaa chini kwa makalio, chaki nimeinua juu, na nilipogeuka mkia wake ulikuwa unapita langoni.

Darasa lilibaki limekaa. Walikuwa wanasubiri sentensi ya nne. Papa Byamungu, uso umejaa mwanga, akasimama akasema polepole, bila kosa hata moja, "The goat has been untied!" Kisha akaniangalia nimsifu.

Nilimsifu, jamani. Niko chini nimekaa, nikasema *very good*. Ualimu ni ugonjwa.

Halafu nikakumbuka yule ni mbuzi wa nani na anakwenda wapi, nikaamka nikakimbia. Darasa zima likaamka nyuma yangu. Na hapa ndipo sheria yangu ilipokuja kunidai, kwa sababu ubao sikuufuta. Watu wangu ni watiifu. Badala ya kupiga kelele "Kamata mbuzi!" kama binadamu wengine, wakawa wanakimbia nyuma yangu barabarani wakiimba kwa sauti moja, kutoka tumboni, sentensi ile ile niliyowafundisha. Mimi mwenyewe pumzi ilikuwa imekwisha, siwezi kuwaambia acheni. Watu wakasimama pembeni kutupisha. Waendesha moto, yaani pikipiki, wakazima injini. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akainama kwa heshima.

"Mama, iko croisade ya kanisa gani?" kijana wa moto akaniuliza.

"Mbuzi!" nikasema.

"Aa," akasema, akavua kofia.

Watu wawili watatu wakajiunga nyuma, wakaokota wimbo haraka kuliko wanafunzi wangu walivyouokota darasani (Uvira ikisikia watu wanaimba haikai nyumbani). Mbuzi yuko mbele, hana haraka sana, anageuka kila baada ya kitambo kutuangalia, kisha anaendelea. Niliomba Mungu apotee. Kweli, niliomba aingie sokoni apotee, aibiwe, aliwe, kwa sababu mbuzi aliyepotea analipwa, lakini mbuzi aliyefika kwao ni jibu. Akavuka daraja la Mulongwe katikati kabisa, kama mtu mwenye nyumba, akakata kushoto.

Nyumbani kwa kina Dieudonné walikuwa wamekaa uani wote, wanaume kwa wanawake, wanapanga nani atavaa nini siku ya mahari. Mbuzi akaingia akasimama katikati yao, kamba shingoni. Nami nikafika langoni, nikasimama pale pale kama mti, kwa sababu shangazi haruhusiwi kuingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja mtupu, chaki bado mkononi. Nikafungua mdomo nieleze, na nyuma yangu kundi zima likafika, likasimama, na kwa mara ya mwisho, kwa nguvu zote, likawatangazia wakwe zangu kwa Kiingereza kwamba mbuzi amefunguliwa.

Pale uani mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, na ni Dieudonné. Nilimwona anavyoelewa. Nilimfundisha vizuri mno. Akainamisha kichwa, mama yake akamshika mkono akimwuliza wanasema nini, naye akamwambia kwa sauti ndogo. Mama yule akajifunika uso na kitenge.

"Hapana, hapana, hii ni somo," nikasema, "ni exercice, minye nilikuwa nafundisha..."

Papa Lushombo akasimama. Akanitazama mimi, akatazama kundi, akatazama ndala iliyokosekana.

"Asante, Mama Furaha," akasema kwa adabu. "Tumeona."

Akafunga lango, taratibu, bila kulibamiza. Afadhali angelibamiza.

Njia ya kurudi sitaisimulia. Mama Riziki alinishika mkono, na alipouliza kama sasa anaruhusiwa kusema Kiswahili ndipo nilipoanza kulia. Nilipofika nyumbani Mapendo alikuwa ameshafika kutoka kwenye cherehani yake, habari ilimfikia kwa vijana wa moto, amekaa chini kando ya nguzo ya turubai pale mbuzi alipokuwa, magoti kifuani.

"Shangazi," akasema, "weye umerudisha mbuzi yangu?"

"Mwanangu, hapana. Ilikuwa somo."

"Simu ya Dieudonné iko éteint, ameizima. Dada yake ananiambia mulikwenda na chorale kabisa." Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. "Baba hayuko. Weye ndio ulikuwa baba. Kama ulikuwa hautaki, ungeniambia minye kwanza."

Nilimweleza yote, ubao, kamba, tumbo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniamini, nikaona ameniamini, lakini kuniamini kwake hakukusaidia kitu kwa sababu aliyetakiwa kuamini alikuwa ng'ambo ya daraja, na desturi haina mahali pa kumwambia. Nilitaka kutuma mtu. Mume wangu akasema mtu anayetumwa baada ya mbuzi kurudi anapokelewa kama mwizi, na ni kweli. Nilijichukia, nawaambia ukweli, nilikichukia na Kiingereza, nikaona maisha yangu yote nimefundisha watu kusema vitu vizuri na siku nilipotakiwa kusema kitu kimoja langoni nimeshindwa katika lugha zote.

Asubuhi, nikiwa nafagia ili nisikae, lango likagongwa. Alikuwa Papa Lushombo, peke yake, mikono haiko nyuma leo, mmoja umeshika kamba, na mwisho wa kamba mbuzi. Desturi haina hiyo. Mbuzi akisharudi haletwi tena. Mume wangu akaweka chini sindano ya nyavu, akamtolea kiti, mwenyewe akabaki kwenye kiti chake pembeni. Mapendo akatoka jikoni akasimama mlangoni, hakuthubutu kuja karibu.

Papa Lushombo hakunywa maji aliyopewa. "Mama Furaha, wakubwa wenzangu wamenikataza kuja. Nimekuja kuuliza. Weye ulimufungua kwa kusudi, ao alitoroka tu?"

Nilitaka kusema uongo mwepesi, alitoroka, mambo yaishe. Nikashindwa.

"Nilimufungua minye mwenyewe," nikasema. "Lakini kwa Kiingereza."

Nikamweleza, ubao ulikuwa bado pale ukutani na sentensi zake tatu, nikamwonyesha moja moja, nikamwonyesha nilipoanguka. Alifuata kidole changu kama mwanafunzi mzuri. Mwishoni mdomo wake ukatikisika kidogo, kama anayezuia kicheko, kisha akarudi kwenye uso wake.

"Donc haukukatala mtoto wetu."

"Sijamukatala hata siku moja. Ni minye nilimufundisha."

Nyuma yangu nilimsikia Mapendo akivuta pumzi kama aliyetoka majini.

"Basi," akasema Papa Lushombo. Lakini hakusimama. Alikuwa anamwangalia mbuzi. "Minye nimeuliza leo kwa sababu ile ya kwanza sikuuliza. Nilimukuta kwa mlango na kamba kwa shingo, nikafunga kinywa, kama vile desturi inasema. Nilikuwa kijana, nilikuwa na kiburi. Nimelala usiku nikawaza, pengine hata siku ile ilifaa muntu aende kuuliza."

Sikutegemea hilo. Na katika kutolitegemea, nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nacho kichwani tangu usichana bila kukigeuza upande wa pili. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kusahau. Alisahau sufuria motoni, alisahau majina yetu, kamba alikuwa anazizungusha tu bila kuzikaza. Na kila tulipopita upande wa Mulongwe, mpaka uzee wake, alikuwa na malalamiko yale yale, nami nilikuwa nacheka tu.

"Papa Lushombo," nikasema, "shangazi alikuwa anasemaka: watu wa Mulongwe hawana adabu. Wanaleta mbuzi, mbuzi inapotea, na hawarudi hata kuuliza habari yake."

Mbuzi aliacha kutafuna. Papa Lushombo akaitazama kamba mkononi mwake kwa muda mrefu, akaipitisha kidole.

"Aa," akasema mwishoni.

"Eeh," nikasema mimi.

Tulikuwa watu wazima wawili wenye wajukuu, tumekaa mbele ya ubao. Sitawaambia nilihisi nini, kwa sababu mume wangu anaweza kuyasikia haya. Ila nilihisi.

Hapo mume wangu, ambaye tangu mwanzo hakuwa ametia neno, akasimama. Akamwendea Papa Lushombo, akapokea ile kamba kwa mikono miwili kwa heshima, akampeleka mbuzi kwenye nguzo. Nikamwambia desturi inataka mkono wangu. Akafunga fundo, lile la nyavu za maji makubwa. Akalivuta. Akafunga la pili juu yake. Akalitazama. Akafunga la tatu.

"Bon," akasema, akarudi kukaa, safari hii kiti akikisogeza karibu na changu.

Mapendo na Dieudonné wameoana, na yule mama aliyejifunika uso siku ile alicheza kuliko wote. Papa Byamungu anaongea na wajukuu zake, ameshawaeleza habari ya mbuzi mara nyingi kiasi kwamba huko Amerika wananijua mimi kuliko wanavyomjua bibi yao. Sheria yangu nimeifuta: kwangu mtu akiona hatari anaruhusiwa kupiga kelele kwa lugha ya mama yake. Mifano yangu yote sasa ni ya milango na madirisha. Nimeapa, kitu chenye miguu hakitaingia tena kwenye sentensi zangu.

Na mbuzi yupo hadi leo, amezeeka, anakula turubai. Hufungwa kila jioni, na mume wangu hajaniruhusu kuigusa ile kamba.